Shtaka Lililoandikwa Saa Tisa Usiku

Hati ya mashtaka ya polisi wa Kenya ni karatasi moja tu. Juu pana nafasi ya majina, nambari ya kitambulisho, jinsia, uraia, umri na anwani. Katikati pana mahali pa shtaka, na chini yake mahali pa maelezo ya kosa. Kisha inafuata tarehe ya kukamatwa, kama palikuwa na kibali au la, dhamana, jina la mlalamishi, orodha ya mashahidi, na chini kabisa sahihi ya mkuu wa kituo. Nilianza kuzisoma karatasi hizi nikiwa mwanagenzi katika afisi ya wakili mmoja mzee, ambaye siku aliyonituma mahakama ya trafiki kwa mara ya kwanza alinipa amri fupi. "Usianze na mteja," aliniambia. "Mteja atakudanganya, na asipokudanganya basi hakumbuki. Anza na karatasi."

Akanipa na swali la kuisomea. Chukulia kwamba kila neno lililoandikwa humu ni kweli tupu. Polisi hajakosea wala hajasingizia. Je, pana kosa? Ukiona lipo, rudi kwa mteja mkazungumze. Ukiona halipo, funga mdomo mpaka wakati wake ufike.

Ni swali ambalo mtoto wa darasa la sita angeweza kuliuliza. Lakini katika kesi za kuendesha gari mtu akiwa amelewa, nimeliona likiwatoa kizimbani watu wengi kuliko hoja zote nilizofunzwa chuoni.

Sababu yake iko katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 1954, Kenya ikiwa bado koloni. Wengi hudhani kifungu hicho kinakataza kunywa na kuendesha. Hakisemi hivyo. Kinasema ni kosa kwa mtu anayeendesha, anayejaribu kuendesha, au aliye na usimamizi wa gari barabarani au mahali pengine pa umma, kuwa amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Mkia huo wa mwisho ndio wenye kesi. Mtu anaweza kuwa amekunywa, ananuka, macho mekundu, na bado kiongozi wa mashtaka akawa na kazi iliyobaki: aonyeshe kwamba dereva huyu, usiku huu, alikuwa hawezi kulimudu gari lake.

Maneno hayo tuliyapokea kutoka Uingereza, kwenye sheria yao ya barabara ya mwaka 1930. Wenyewe walihangaika nayo miaka mingi. Daktari anasema hili, mshtakiwa anasema lile, na hakimu anabaki kuwaza kama kutembea upogo kidogo ni ulevi au ni uchovu. Mwaka 1967 Bunge lao likachoka, likaongeza kosa jipya kando ya lile la zamani: kuendesha ukiwa na zaidi ya miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Aliyepita kipimo ana hatia hata kama aliendesha kama malaika. Sisi, tayari huru, tulibaki na lile la 1930.

Halafu ikaja Alcoblow.

Kanuni za kipima pombe zilitangazwa mwaka 2011, na vifaa vyenyewe vikaingia barabarani kwa kishindo Desemba 2013. Ambaye hakuwa Nairobi mwezi ule hawezi kujua ilivyokuwa. Jioni ya Ijumaa simu zililia ujumbe wa kuonyana: leo wako Lang'ata Road, leo wako Thika Road, piteni njia ya ndani. Wenye teksi walineemeka. Waume waliokuwa hawajawahi kuwapa wake zao usukani ghafla wakagundua kwamba mama watoto anaendesha vizuri sana. Kipimo kilichowekwa kilikuwa mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, na katika kifaa namba hiyo ilisomeka 0.35. Ukizidi, unaingia kwenye gari la polisi.

Katiba inamtaka polisi amfikishe mtu kortini ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya kazi inayofuata kama hizo zimeangukia nje ya saa za mahakama. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi mahakama ilijaa: walimu, wahasibu, madaktari, watu wa makanisa, wote wamevaa nguo za Jumamosi usiku zilizokunjamana. Na kila mmoja ana karatasi yake.

Nilipoanza kuzisoma karatasi zile kwa swali la mzee, niliona jambo ambalo kwanza nilidhani ni la kituo kimoja. Mahali pa shtaka pameandikwa kifungu cha 44(1). Lakini maelezo ya kosa chini yake yanasema hivi, au karibu na hivi: mshtakiwa alipatikana akiendesha gari aina fulani, nambari fulani, kwenye barabara fulani, akiwa na kiwango cha pombe cha 0.52 kwenye pumzi, kinyume na kipimo kilichowekwa. Nukta. Kichwa kimetoka kwenye Sheria, kiwiliwili kimetoka kwenye kanuni. Chukulia sasa kila neno ni kweli. Mtu alikunywa, akaendesha, akazidi kipimo. Je, alishindwa kulidhibiti gari? Karatasi iko kimya.

Zilikuwepo pia karatasi ambazo angalau zilikuwa na msimamo, kichwa kanuni na kiwiliwili kanuni. Hizo zilikuwa na tatizo kubwa zaidi, kwa maana Sura ya 2 ya sheria zetu inasema wazi kwamba kanuni iliyotungwa na waziri haiwezi kwenda kinyume na sheria iliyoizaa. Sheria inataka mtu aliyeshindwa kudhibiti gari. Kanuni inaridhika na namba. Mtoto amemkana mamaye.

Kesi ya kupinga jambo hilo ilifika Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2017 majaji wakakubaliana na walalamishi kwenye kiini cha hoja yao: kuzidi kipimo peke yake hakutoshi kuwa kosa chini ya kifungu cha 44, na kanuni haikuwa na mamlaka ya kuzaa kosa ambalo Sheria haikulizaa. Magazeti yaliandika kwamba Alcoblow imepigwa marufuku. Baa zilishangilia. Kwa jinsi nilivyousoma uamuzi ule mimi, kilichoanguka hakikuwa kile kidude cha kupuliza. Kifaa kinaweza kuendelea kupima, na namba yake inaweza kuwa sehemu ya ushahidi. Kilichoanguka ni namna ya kushtaki.

Sasa nieleze kesi iliyonifunza zaidi kuliko uamuzi ule, ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria.

Mteja wangu alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Usiku mmoja alitoka kwenye nyama choma, na kwenye mzunguko wa barabara akamgonga mwendesha bodaboda. Mguu wa kijana ulivunjika mahali pawili. Polisi wa doria walifika, wakamtoa mteja wangu garini, wakampeleka kwenye kizuizi cha karibu kilichokuwa na kifaa, akapuliza, namba ikaja mbali sana juu ya kipimo. Hati iliandikwa usiku uleule kwa ule mtindo nilioueleza: kifungu cha 44 juu, namba ya kifaa chini. Shtaka la uendeshaji wa kizembe, kifungu cha 49, halikuandikwa kabisa. Kesi ilipokuja kusikizwa, uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ulikuwa umekwisha kutoka miezi kadhaa, lakini hati ilikuwa ileile. Kiongozi wa mashtaka, binti mwenye bidii, alikuwa amekabidhiwa faili asubuhi hiyo pamoja na rundo jingine linalofika kidevuni.

Shahidi wa kwanza na wa pekee wa maana alikuwa koplo aliyeendesha kifaa. Alieleza saa, akaeleza alivyofungua mrija mpya, akatoa karatasi iliyochapwa. Nikasimama.

"Afande, ulimwona mshtakiwa akiendesha gari?"

"La. Nililetewa."

"Alipoletwa alikuwa akipepesuka?"

"Alikuwa ameketi."

"Alikuwa akizungumza vipi?"

Akamtazama hakimu, kisha akanitazama. "Wakili, kazi yangu ilikuwa mashine."

Alijibu kwa uaminifu mkubwa, na nilimheshimu kwa hilo. Upande wa mashtaka ukafunga ushahidi wake. Niliomba mahakama iamue kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Hakimu akakubali na kumwachilia chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai. Mteja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nje, kwenye ukumbi, kijana mmoja mwenye magongo alikuwa amenisubiri. Nilikuwa nimemwona ndani, benchi la nyuma, kila mara kesi ilipotajwa. Nilidhani ni jamaa wa mshtakiwa mwingine.

"Wakili, kwa hivyo hakuwa amelewa?"

Nikamwambia kwamba mahakama haikusema hivyo. Ilisema haikuonyeshwa kwamba alishindwa kulidhibiti gari.

"Mimi ningewaonyesha," akasema. "Alikuja upande wangu mara mbili kabla ya kunigonga. Mara ya kwanza nilimpigia honi. Nimekuja hapa kila siku waliyosema kesi iko. Hakuna aliyeniita."

Hakuna aliyemwita kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha ya mashahidi. Na halikuwa kwenye orodha kwa sababu aliyeandika hati aliandika kosa la namba, na ukishaandika kosa la namba, shahidi unayemhitaji ni mtu wa mashine. Kijana aliyeliona gari likiyumba ana nini cha kusema kuhusu mikrogramu? Polisi wa doria aliyemtoa mlevi garini na kumshika asianguke naye hakuandikwa, kwa sababu hiyohiyo, na kufikia siku ya kesi alikuwa amehamishwa. Ushahidi wote wa kifungu cha 44 ulikuwepo usiku ule, kwenye mzunguko ule, moto kabisa. Hati ya mashtaka ndiyo iliyouacha nje ya mlango.

Tangu siku ile sikubali tena mazungumzo ya "ufundi wa mawakili". Kila mlevi anapoachiliwa, redio za asubuhi hulalamika kwamba mtu ametoroka kupitia tundu la sheria, kana kwamba hati ni karatasi ya kupambia faili na wakili mwerevu ameitoboa kwa kalamu. Hati ndiyo inayoita mashahidi. Ndiyo inayomwambia mpelelezi aende kumhoji nani, daktari achunguze nini, na kiongozi wa mashtaka ajiandae kwa swali lipi. Ikiuliza swali lisilo lake, kesi yote itajibu swali lisilo lake, na kwa ufasaha.

Kijana yule nilimshauri atafute wakili wake mwenyewe afungue kesi ya madai, kwa kuwa kuachiliwa kwa dereva hakumzuii kudai fidia, na bima ya gari ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini nilijua ninachomwambia kina upungufu. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba hukumu ya hatia, ikishakuwa ya mwisho, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyehukumiwa alilitenda kosa. Angekuwa na hukumu mkononi, nusu ya kazi ya wakili wake ingekuwa imekwisha. Sasa angelazimika kuanza mwanzo, na magongo yake.

Jamaa zangu huniuliza, hasa kwenye matanga na harusi, ninavyoweza kulala baada ya kesi kama hiyo. Nalala. Kazi ya kumfunga mteja wangu ilikuwa ya watu wengine waliolipwa kuifanya. Ila ningependa waifanye.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kosa la kalamu linaangusha kesi. Mawakili wachanga hudhani hivyo, na ni jambo la kuchekesha kuwatazama. Mwenzangu mmoja aliwahi kusimama kwa mbwembwe zote kueleza kwamba hati inasema saa nne usiku ilhali shahidi amesema saa sita. Hakimu, mama mtaratibu sana, alimwacha amalize, kisha akamwomba amsomee kwa sauti kifungu cha 214 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kijisehemu cha pili. Akakisoma. Kinasema tofauti ya wakati kati ya hati na ushahidi haina uzito. "Asante, Wakili," akasema mama. "Endelea na swali lako linalofuata." Hakuwa nalo.

Jina lenye herufi iliyorukwa, nambari ya gari yenye tarakimu iliyogeuzwa, hata kifungu kilichotajwa vibaya mara nyingine, yote hayo mahakama huyatazama kwa kipimo kimoja: je, mshtakiwa aliuelewa mzigo aliotakiwa kuujibu, au alipotoshwa? Kifungu cha 134 cha sheria hiyohiyo kinaitaka hati itaje kosa mahususi na kutoa maelezo ya kutosha ili mtu ajue ni kosa la namna gani. Kifungu cha 382 kinasema hukumu haitatenguliwa kwa dosari ya hati isipokuwa dosari hiyo imezaa upotofu wa haki. Kosa la tahajia halizai upotofu wa haki. Kuacha kiini cha kosa chote nje, hilo ni jambo jingine.

Na palipo na dosari ya kweli, mashtaka wana dawa. Kifungu hichohicho cha 214 kinawaruhusu kuirekebisha hati wakati wowote kabla ya kufunga ushahidi wao, mradi mshtakiwa asomewe upya, ajibu upya, na akitaka mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena. Mlango uko wazi kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka. Unafungwa siku kiongozi wa mashtaka anaposema, "Mheshimiwa, huo ndio mwisho wa ushahidi wetu."

Mzee wangu aliijua siku hiyo kama mvuvi anavyoijua bamvua. Katika kesi moja tuliyokwenda pamoja, mtu alikutwa amelala kiti cha nyuma cha gari lake, limeegeshwa nje ya baa, funguo mfukoni. Hati ilisema alikuwa akiendesha. Askari wa zamu wa baa, shahidi wa mashtaka, alieleza kwa kirefu jinsi alivyomsaidia jamaa huyo kuingia na kulala, na kwamba gari halikusogea hata inchi. Kifungu cha 44 kinamgusa pia mtu aliye na usimamizi wa gari bila kuliendesha, kwa hiyo marekebisho ya maneno mawili yangeiokoa kesi, au angalau yangeipa pumzi. Nilimvuta mzee koti lake. Hakugeuka. Alikuwa akichora miduara pembezoni mwa daftari lake. Mashtaka wakafunga. Hapo ndipo akainuka, taratibu, akikohoa.

Mtu akaachiliwa. Ukumbini kiongozi wa mashtaka, inspekta wa zamani, alimfuata akiwa amekasirika. "Mzee, si ungetuambia mapema?"

"Ningewaambia," mzee akajibu, "kama mngekuwa wateja wangu."

Nilicheka wakati ule. Siku hizi nakumbuka pia upande wa pili wa sarafu ya kifungu cha 382: mahakama ya rufaa, inapopima kama dosari imezaa upotofu wa haki, huuliza kama pingamizi lingeweza na lilipaswa kutolewa mapema. Wakili anayenyamaza kwenye kesi ya kwanza akitumaini kulia dosari mbele ya Mahakama Kuu, anacheza kamari na uhuru wa mtu mwingine. Kungoja mpaka mashtaka wafunge ni ujanja halali. Kungoja mpaka mteja afungwe ni wazimu.

Upo upande mwingine ambao redio hazizungumzii, nao ni wa watu wanaohukumiwa kwa hati mbovu bila mtu yeyote kuisoma. Hao ni wengi kuliko walevi wangu wote walioachiliwa, maana wengi wanaofikishwa mahakama ya trafiki hukubali kosa hapohapo wapate kwenda nyumbani.

Mama mmoja alinijia akiwa na karatasi ya faini. Alikuwa ametoka kwenye harusi ya mpwawe, akanywa chupa mbili, akaendesha kwenda nyumbani kwa mwendo wa pole kama kawaida yake, akasimamishwa kizuizini. Hakuna aliyesema aliyumba. Kizimbani alisomewa shtaka akajibu, "Ni kweli, nilikunywa." Kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo ya tukio: alisimamishwa, alipuliza, namba ilikuwa kadhaa. Je, maelezo ni kweli? Ni kweli. Hatia, faini. Nduguze walichanga na saa sita mchana alikuwa nje, akiwashukuru watu. Baadaye ndipo kazini walipotaka kujua habari za rekodi yake ya jinai.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mwongozo wa kukiri kosa tangu 1973, katika rufaa ya Adan dhidi ya Jamhuri: mshtakiwa aelezwe viungo vyote vya kosa kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, mashtaka waeleze tukio, naye apewe nafasi ya kupinga au kueleza. Mama huyu alikiri kunywa. Kunywa si kosa. Hakuna aliyemuuliza kama alishindwa kuliongoza gari, na hata maelezo yaliyosomwa hayakudai hivyo. Mahakama Kuu iliitengua hukumu. Faini akarudishiwa baada ya safari nyingi za masjala, ambazo nadhani zilimchosha kuliko harusi.

Basi kosa huzaliwa wapi? Nimekesha kwenye vituo vya polisi mara nyingi nikitafuta dhamana ya mteja, na nimeiona saa yenyewe. Ni saa tisa usiku. Pana meza moja, kitabu cha matukio, ile OB ambayo kila Mkenya anaijua kwa nambari, na koplo mmoja ambaye tangu jioni amepokea wizi wa simu, mume na mke waliopigana, na mtoto aliyepotea. Gari la doria limemletea walevi watano kwa mkupuo. Mmoja anaimba. Mwingine anampigia mtu anayemjua mkubwa. Koplo anatakiwa kuandika hati tano kabla ya zamu kwisha, na anafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: anaichukua ya wiki iliyopita, anabadilisha jina, nambari ya gari na namba ya kifaa. Ya wiki iliyopita nayo ilinakiliwa kutoka ya wiki iliyotangulia. Hivyo ndivyo maneno ya kanuni yalivyoendelea kuishi kwenye hati baada ya Mahakama ya Rufaa kuyaua.

Sahihi ya mkuu wa kituo ipo chini ili kuzuia jambo hilo hasa. Mara nyingi huwekwa asubuhi, hati zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine, gari la mahakama linanguruma nje.

Maoni yangu, kwa kuwa nimeulizwa na wengi: kama tunataka kuzidi kipimo kuwe kosa, Bunge liandike hivyo ndani ya Sheria yenyewe, kama Waingereza walivyofanya 1967, na tusimtume waziri kuingia kwa dirisha. Mpaka hapo, namba ya kifaa ni shahidi mmoja miongoni mwa wengine, na wengine hao lazima waitwe. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji mtu wa doria aandike mistari mitatu kwenye daftari lake akiwa bado barabarani: gari lilikuwa likifanya nini, dereva alisimama vipi, nani mwingine aliona.

Kifaa kimerudi barabarani miaka ya karibuni, na juzijuzi nilipokea hati ya aina ambayo sikuwa nimeizoea. Maelezo ya kosa yalisema kwamba mshtakiwa aliendesha akiwa amelewa pombe kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo, na yakaongeza kwamba gari lilivuka mstari wa katikati mara kadhaa na kupanda ukingo. Kwenye orodha ya mashahidi, wa kwanza alikuwa polisi wa doria aliyelifuata gari. Wa pili, mhudumu wa kituo cha petroli. Mtu wa mashine alikuwa wa mwisho. Uzembe ulikuwa shtaka la pili, kwa aya yake. Niliisoma kwa swali la mzee nikafika chini: kosa lipo.

Mteja hakutaka kusikia hivyo. Alikuwa amegundua kwamba nambari ya gari lake imekosewa herufi moja, na mtu wa baa alikuwa amemhakikishia kwamba hapo kesi imekwisha. Nilimwambia kwamba hiyo ni kazi ya dakika moja, na dakika moja ndiyo iliyotumika: kiongozi wa mashtaka aliomba kurekebisha, hakimu akakubali, karani akasoma upya, mteja akajibu upya. Mhudumu wa petroli alipomaliza kutoa ushahidi sikuwa na swali la kumuuliza ambalo lisingezidisha mambo.

Alipatikana na hatia kwa yote mawili. Alitaka tukate rufaa siku ileile. Nilimweleza kwamba haki hiyo anayo, lakini mimi sina hoja hata moja ya kuandika kwenye karatasi ya rufaa, na ada yangu ataipoteza bure. Akachukua faili lake akaenda kwa wakili mwingine, ghorofa ya chini yangu.